Tuuze nyumba tumpeleke baba kwenye tiba ya seli?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 63. Mwezi uliopita aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na picha ya CT inaonyesha imeshafika kwenye ini. Daktari wake anataka aanze kemo mara moja. Kaka yangu amepata kliniki ya nje inayotoa seli za kinga kwenye damu ya mgonjwa, inazikuza maabara kisha inamrudishia. Wanasema haina madhara yoyote: nywele hazinyonyoki, mtu hatapiki. Wanataka tulipie mizunguko sita kwa mpigo, na wametuonya tusimwanzishie kemo kwa kuwa "itaua kinga". Kaka anataka tuuze nyumba, mama hataki. Tufanyeje?
Binti wa mgonjwa

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lililonikera: hilo la kuwaambia mchelewe kuanza kemo. Saratani ya kongosho ikishafika kwenye ini haisubiri watu watafute mnunuzi wa nyumba. Mgonjwa anayeingia leo kliniki kwa miguu yake, wiki chache mbele anaweza kudhoofu hadi daktari asithubutu kumpa dawa kali.

Na sababu waliyowapa inawaumbua wenyewe. Ni kweli kemo hushusha chembe nyeupe za damu. Lakini kwenye tiba ya seli inayofanyiwa utafiti wa kweli, mgonjwa kwa kawaida hupewa kemo kwa makusudi siku chache kabla ya kurudishiwa seli, ili zile mpya zipate nafasi ya kuzaliana. Anayeijua kazi hii hawezi kuitangaza kemo kuwa adui.

Tatizo ni kwamba jina "tiba ya seli za kinga" linabeba bidhaa zisizofanana. Ipo ile ambayo seli T, yaani askari wa kinga waliomo kwenye damu, hukusanywa kwa mashine, zikatiwa jeni mpya inayoziwezesha kutambua alama moja mahususi ya saratani, zikakuzwa na kurudishwa kwa dripu. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2017, kwa watoto na vijana wenye saratani ya damu iliyogoma dawa nyingine. Halafu ipo ile ambayo seli huongezwa idadi tu na kurudishwa, bila kuelekezwa shabaha yoyote. Kwa maelezo yako, mnauziwa hii ya pili, na haijathibitishwa kumrefushia maisha mgonjwa wa kongosho.

Hata ile ya kwanza inahangaika mbele ya kongosho. Seli za saratani ya damu zinaelea, seli T inakutana nazo njiani. Uvimbe wa kongosho umejizungushia tishu ngumu kama kovu, na ndani yake kuna kemikali zinazozilegeza seli za kinga zinazobahatika kupenya. Shabaha nayo ni shida, maana alama nyingi za uvimbe huu zipo pia kwenye viungo vizima.

Sisemi hakuna kitu. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari ya mwanamke aliyetibiwa Portland, Marekani, saratani yake ya kongosho ikiwa imeenea mapafuni. Alipewa mara moja seli T zaidi ya bilioni 16, zilizofundishwa kutambua mabadiliko ya jeni ya KRAS yaitwayo G12D. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 72, na miezi sita baadaye hali ilikuwa bado hivyo. Kaka yako huenda ameshaisoma hii. Mwambie asome hadi mwisho: mgonjwa wa pili aliyepewa tiba hiyohiyo haikumsaidia, akafariki. Tena ili ufae lazima uwe na badiliko hilo la jeni pamoja na aina fulani ya tishu ya kurithi, ambayo watu wengi hawana.

Hayo ya "haina madhara yoyote" yasiwavutie hata kidogo. Seli zikishambulia kweli, mtu hupata homa kali, presha hushuka, wengine huchanganyikiwa, ndiyo maana hulazwa na kuangaliwa kwa karibu. Ulizeni kliniki hiyo namba ya usajili wa utafiti wao na alama gani seli zao zinaitafuta. Utafiti halali kwa kawaida haumuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa, sembuse mizunguko sita kwa mpigo.

Nyumba msiuze. Baba akiwa bado ana nguvu, aanze kemo. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2011, nusu ya wagonjwa waliopewa mchanganyiko wa dawa za kemo uitwao FOLFIRINOX waliishi zaidi ya miezi 11, dhidi ya karibu 7 kwa waliopewa dawa ya gemcitabine peke yake. Si muujiza, na ina kichefuchefu chake, ingawa dawa za kukizuia zipo. Wakati huohuo ombeni kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kipimwe jeni, na damu ya baba ipimwe BRCA, jeni ambazo kasoro yake hurithiwa katika familia. Wachache hukutwa na kasoro inayofungua mlango wa dawa nyingine kama olaparib, na kasoro ya BRCA ikionekana, wewe na kaka yako pia mtahitaji kupimwa. Mkitaka utafiti wa seli, majibu hayo ndiyo yatakayoulizwa kwanza.

Na hujaniandikia anakulaje. Wodini nimeona familia zikihangaikia tiba ya mbali huku mgonjwa anakonda kwa sababu kongosho halitoi tena vimeng'enya vya kusaga chakula. Choo kikiwa cheupe, chenye mafuta, kinaelea na hakiondoki kwa maji, mwambieni daktari wiki hii. Kuna vidonge vyake, na humezwa pamoja na tonge la kwanza, si baada ya sahani kuondolewa.