Bili ilitutisha, sasa tumesahau: nifanyeje?

Ndugu yangu, unasema bili kubwa ya umeme ilipokuja nyumba nzima ilishika adabu, na miezi minne baadaye umebaki wewe peke yako unayezunguka usiku ukizima swichi. Usishangae, hofu ya bili huisha mara tu bili ikishalipwa.

Ila nadhani unapigana na adui mdogo. Piga hesabu: hita ya maji ya wati 3,000 ikiachwa nusu saa bila sababu inakula uniti 1.5. Kwa uniti hizo, taa ya LED ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 160! Watoto waliosahau taa ya varanda mie ningewasamehe. Anza na vitu vya kuchemsha, kupasha na kupoza.

Kuna na mtego mwingine. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza kwamba injini zinazotumia makaa ya mawe kidogo huishia kuongeza matumizi ya makaa hayo, kwa kuwa kazi ikiwa nafuu watu huifanya zaidi. Majumbani tunaliona hilo: friji mpya inanunuliwa kwa sababu haili umeme, halafu ile kuukuu inahamia stoo, na bado imechomekwa.

Kugomba acha. Mpe kijana wako kazi ya kusoma mita kila jioni na kuandika namba ukutani. Siku namba ikiruka, uliza tu kilichowashwa. Jiandae, maana na wewe utaulizwa.