Maswali na Majibu: Kuhifadhi Maboga Nyumbani

Swali: Maboga yangu huanza kuoza kwenye kikonyo baada ya wiki chache tu. Kosa ni nini?

Jibu: Mara nyingi kosa hufanyika siku ya kuvuna. Boga la kuwekwa ni lile lililokomaa, ambalo ganda lake halipenyeki kwa ukucha. Likatwe kwa kisu kikali na kuachiwa kikonyo cha sentimita 5 hadi 10, kwa kuwa kikonyo kikinyofoka hubaki kidonda ambacho kuvu hupitia hadi kwenye nyama. Kwa sababu hiyo boga halibebwi kwa kikonyo, hata kama kinaonekana kuumbwa kwa kazi hiyo. Kisha liachwe kwa takriban siku 10 mahali penye hewa inayopita na joto la nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi, ili ganda likauke na mikwaruzo midogo ijifunge. Lenye jeraha kubwa halifai kuwekwa, lipikwe mapema.

Swali: Je, friji inafaa?

Jibu: Kwa boga zima, haifai. Baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hudhuru tishu zake, na madhara hayo hujitokeza baadaye kama madoa yaliyobonyea ambayo huoza upesi. Chumba kikavu chenye nyuzi 10 hadi 13 ndicho bora. Maboga yapangwe safu moja juu ya rafu, yasigusane, wala yasiwe karibu na matofaa au ndizi mbivu, ambazo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuharibika kwake. Lililokwisha kukatwa ndilo la friji, nalo litumiwe ndani ya siku chache.

Swali: Yatadumu kwa muda gani?

Jibu: Hutegemea aina. Butternut hukaa miezi 2 hadi 3, na Hubbard inaweza kufikisha 6. Acorn ni ya wiki 5 hadi 8 tu, tena haifai kuanikwa kwenye joto nililotaja, kwani hupoteza ubora wake.

Swali: Boga nililopika ni chungu sana. Je, nililiweka vibaya?

Jibu: Uchungu mkali husababishwa na kukurbitasini, sumu ya asili ambayo boga huwa nayo tangu mmeani na ambayo haiondoki kwa kupikwa. Tafadhali usiongeze sukari ili kuuficha, litupe lote.