Kamera mbili za USB: kwa nini umbali unarukaruka

Umeuliza kwa nini kamera zako mbili, zilizoachana sm 6, zinapima vizuri kiti kilicho mita 2, lakini mtu akikatiza hapo umbali unaruka hata kufika mita 6. Usihangaike na programu. Kosa liko kwenye muda.

Umbali ni fokasi (nafasi kati ya lenzi na kihisi cha picha) ikihesabiwa kwa pikseli, mara nafasi kati ya lenzi mbili, gawanya kwa mhamo, yaani pikseli ambazo nukta ileile imehama kati ya picha mbili. Kwa fokasi ya pikseli 700: 700 × 0.06 = 42, na mhamo wa 21 unatoa mita 2. Kamera za fremu 30 kwa sekunde zisizopiga pamoja zinaweza kupishana hadi milisekunde 33. Anayetembea mita 1.2 kwa sekunde keshasogea sm 4, yaani pikseli 14. Mhamo unakuwa 7 au 35. Ukipata mita 6 au 1.2, ndiyo sababu.

Tafuta moduli mbili za kamera zenye waya wa kuamrisha shata (kipigio cha picha) kwa pamoja, na zinazonasa picha nzima kwa mpigo mmoja badala ya mstari kwa mstari. Zima fokasi ya otomatiki kwanza, ndipo urekebishe vipimo vya kamera kwa picha 20 hadi 30 za ubao wa drafti. Karatasi yake igundishe kwenye kioo. Ikijikunja kidogo tu, hesabu zote zinapinda.

Ukuta mweupe bado utasumbua, maana hauna alama za kulinganisha. Hapo rusha nukta za infraredi, kama Kinect ya 2010 (kifaa cha Microsoft cha kuhisi mwendo kwenye michezo ya Xbox), ila kamera zisiwe na kichujio kinachozuia mwanga huo.