Barazani kwa Shangazi: Kopo la baharia

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 63, naishi Kisauni. Marehemu mume wangu alikuwa baharia, na kila safari alirudi na kitu: dele la shaba kutoka Aden, chetezo cha Maskati, sahani za maua za Bombay, saa ya ukutani ambayo haijapata kwenda sawa hata siku moja. Gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, limetundikwa sebuleni tangu tulipooana. Sasa nahamia kwa binti yangu Nyali, chumba kimoja tu. Watoto wanasema vizuri viuzwe, vibovu vitupwe, na cha kwanza kutupwa ni kopo la biskuti alilokuwa akitia vikorokoro vyake: tikiti, vifungo, kipande cha kamba. Mwanangu aliye Ujerumani analitaka gamba. Nibaki na kipi?*
*Mjane wa Kisauni*

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Mungu amrehemu.

Nianze na gamba, maana hilo halingoji. Mwambie kijana asithubutu kulitia kwenye begi. Ng'amba yumo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa, ya viumbe ambao biashara yao baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku, na watu wa forodha huko Ulaya hawatajali kwamba lilikuwa la babake. Hapa kwetu nako, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali hata kwa kuliweka nyumbani. Najua, zamani nani aliyajua hayo? Nyumba ngapi za Mji wa Kale zilikuwa nalo ukutani! Lakini usiliuze wala usimpe mtu. Nenda mwenyewe ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukawaeleze lilivyokufikia.

Haya, kopo. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa nikisoma barua yako.

Mwaka 1994 nilikwenda Unguja kwa meli, usiku kucha, na kusi limechachamaa. Nilitapika mpaka nyongo. Mama mmoja wa Kipemba, hatujuani mbele wala nyuma, akafungua fundo la leso yake akatoa ndimu. "Inuse, usiile." Akanilaza kichwa mapajani mwake mpaka tukaziona taa za bandari. Jina lake sikumuuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Huko Unguja nikanunua kasha dogo la njumu. Nilipatana bei nusu ya siku, jasho linanitoka, na niliporudi Mombasa nikawaringia wanawake wa mtaa mzima. Basi siku moja akaja fundi wa Kibokoni kunitengenezea mlango. Akaliona, akaligeuza juu chini, akaangua kicheko. "Shangazi, hili nimelichonga mimi." Alama yake hii hapa, chini ya kitako! Kasha limevuka bahari likaenda kuningoja Unguja, na fundi wake anakaa hatua chache na kwangu.

Kasha hilo naweza kuliuza kesho. Ndimu siiuzi. Imekauka, nyeusi, ngumu kama gololi, na ukivuta droo utaisikia ikibingirika. Mjukuu wangu ameitupa mara mbili, na mara mbili nimeiokota jaani.

Kwa hiyo sahani wape wanaozitaka. Saa mpe yeyote atakayeicheka kwa mapenzi. Chetezo nenda nacho Nyali, chumba kimoja kinahitaji udi kuliko nyumba nzima. Dele usiliuze kabla hujalipima kwa sumaku: shaba haishiki sumaku, na likishika ujue ni chuma kilichopakwa rangi, maana wapo wanunuzi watakaokudanganya kinyume chake ili wakupe bei ya chuma. Likiwa shaba, mimi ningelipeleka kwa fundi likapakwe bati ndani, kisha nipikie kahawa. Dele la kukaa kabatini linanisikitisha.

Kopo usiwaachie wakafungue peke yao. Tandika mkeka, limwage, ueleze unachokijua, hata kama ni kifungo cha shati alilovaa siku ya posa. Wakichoka, wacha wachoke.

Na kile kipande cha kamba umekitaja ukakipita, hukusema ni cha nini. Huenda hujui. Wapo wazee wa bahari ambao bado wanakunywa kahawa jioni kule Bandari ya Kale, na mmoja wao huenda alisafiri naye. Mpe kijana wako wa kiume akawaonyeshe. Ila kama ina fundo, mwambie asilifungue njiani.