Chuo Kinapojenga Hoteli Mtaani: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii zinalia kilio kimoja: chuo kikuu kimetangaza hoteli, mabati yamezungushwa, mtaa umechemka. Miji ni tofauti na vyuo ni tofauti, kwa hiyo sitaji mradi wa mtu. Maswali nimeyafupisha. Matusi nimeyaacha bahashani.

Kazi ya chuo ni kufundisha. Hoteli inakihusu nini? (Mpangaji, Kampala)

Pesa, ndugu yangu. Karo na fungu la serikali havitoshi, na vyuo vikongwe vina ardhi nzuri. Hata hivyo wazo lenyewe si wazimu. Jinja, chuo cha serikali cha hoteli na utalii kimefundisha vijana pamoja na hoteli ya Crested Crane kwa miaka mingi. Kule Marekani Chuo Kikuu cha Cornell kina hoteli yake, Statler, ndani ya kampasi, na wanafunzi wanafanya kazi humo.

Cha kuuliza ni hoteli itakuwa ya nani hasa. Kama chuo kinatoa ardhi na mwekezaji analeta fedha, alipatikanaje? Amepewa miaka mingapi? Chuo kitabaki na nini? Chuo cha umma hakigawi ardhi kwa kupeana mikono. Hapa Uganda ubia wa namna hiyo una sheria yake ya 2015. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na jibu litoke ndani ya siku 21. Chuo binafsi hakibanwi hivyo, lakini mamlaka ya mji na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinabanwa, na faili la mradi lazima lipite kwao. Andikeni barua leo, mtunze nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Wapimaji wamepita katikati ya migomba ya mama yangu wakachimbia vigingi. Wanasema hati ni ya chuo. Sisi tuko hapa tangu 1974. Tuhame? (Mtoto wa kibanja)

Msihame, na vigingi msiving'oe. Najua mkono unawasha, lakini kung'oa alama za mpaka kunaweza kuwafikisha polisi, na hapo nyinyi mnakuwa washtakiwa na mradi unaendelea. Pigeni picha, kila kigingi, na mgomba ulio karibu nacho uonekane.

Sasa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mtu aliyekaa kwenye ardhi yenye hati ya mwingine bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Hesabu hiyo inarudi hadi Oktoba 1983. Nyinyi wa 1974 mmo ndani, hata kama hati ni ya chuo. Marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba mwenye kibanja (shamba la mkaaji kwenye ardhi yenye hati ya mwingine) anayetambuliwa haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya kutolipa busuulu, ile kodi ndogo ya ardhi ya kila mwaka. Tafuteni ushahidi kabla haujapotea: stakabadhi za busuulu, makaburi ya wazee, miti ya mpaka iliyopandwa na babu, na majirani wenye umri wa kukumbuka.

Wakisema serikali itaitwaa, someni ibara ya 26 ya Katiba. Inataja matumizi ya umma, ulinzi, usalama, utulivu, maadili na afya; hoteli ya kutafuta faida sioni inaingilia mlango gani. Na hata panapostahili, fidia ya haki hutangulia. Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo mwaka 2015 katika kesi iliyohusu mamlaka ya barabara.

Jambo moja zaidi, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoangukia. Atakuja kijana mpole na fomu ya kuthamini mali, atasema ni ya kuhesabu migomba tu. Fomu yenye nafasi tupu haisainiwi. Na baba hawezi kuuza peke yake ardhi ambayo familia inaishi juu yake na kula kutoka kwake. Idhini ya mkewe inatakiwa kisheria.

Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ameshagonga mhuri. Yameisha?

Hayajaisha. Mhuri wa LC1 si kibali cha ujenzi. Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo ramani inapita kwa kamati ya mipango ya wilaya au mji. Kampala ni KCCA, mamlaka ya jiji. Pelekeni pingamizi huko, kwa maandishi. Mwenyekiti msimtukane, mtamhitaji kuthibitisha mnakaa hapo tangu lini.

Tuko bondeni. Mvua ikinyesha maji yanaingia jikoni. Hoteli inajengwa juu yetu. (Mama wa watoto wanne)

Mama, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote nilizopokea, na ajabu ni kwamba wenzako wameiandika mwishoni, baada ya kelele za muziki na wageni wasiojulikana.

Kilima kikivuliwa nyasi na kuvikwa paa na maegesho ya zege, maji hayanywewi na udongo tena. Yote yanateremka kwenu, kwa kasi. Halafu kuna majitaka. Sehemu kubwa ya Kampala haijaunganishwa na bomba la majitaka, watu wanategemea mashimo na magari ya kunyonya. Hoteli ina vyoo, mabafu, jiko na dobi vinavyofanya kazi usiku na mchana. Vinaelekea wapi? Wakikujibu "tuna mfumo wa kisasa," waambie wauoneshe kwenye mchoro.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na watakaoathirika washirikishwe. Ombeni ripoti hiyo NEMA. Tafuteni ukurasa wa mifereji ya mvua na orodha ya watu waliohojiwa. Nyumba yako ikiwa haimo kwenye orodha, umepata pingamizi.

Nimesikia Chicago wakazi walizuia hoteli ya chuo kwa kupiga marufuku pombe. Nasi tufanye hivyo? (Mwanafunzi, Mbarara)

Ulisikia vizuri. Chuo Kikuu cha Chicago kilinunua hospitali ya zamani kwenye barabara ya Stony Island, mtaa wa Hyde Park, na mpango ukawa kuibomoa ili ijengwe hoteli ya Marriott. Baadhi ya majirani walilalamikia msongamano, wengine walitaka jengo libaki, na chama cha wafanyakazi wa hoteli nacho kilikuwa na ugomvi wake na mwendeshaji. Sheria ya jimbo la Illinois inaruhusu kijieneo kidogo cha kupigia kura kukataza uuzaji wa pombe. Novemba 2008 wakapiga kura hiyo, wakashinda kwa kura chache, na hoteli bila baa ikakosa mwekezaji.

Sisi hatuna kura ya namna hiyo. Lakini angalia kilichofuata: mahali pale chuo kilijenga shule ya watoto wadogo, na mwaka 2013 hoteli ya Hyatt Place ikafunguliwa kwenye barabara ya 53, mtaa uleule, katika mradi uliosukumwa na chuo kilekile. Hospitali waliyotaka kuiokoa ilibomolewa.

Vijana wetu wanataka kazi. Tukipinga tutaitwa maadui wa maendeleo. (Fundi, Jinja)

Basi msipinge, daini. Ahadi ya kazi iliyotolewa jukwaani haina uzito. Iandikwe: nafasi ngapi kwa wakazi, mafunzo ya nani, mboga na mayai vinunuliwe wapi, na nani atawajibika isipotimizwa. Chuo kikikataa kuandika, mmeshajua kazi zenyewe ni za nani.

Kodi ya muzigo wangu (chumba cha kupanga) imeongezwa maradufu kwa sababu "hoteli inakuja". Ni halali?

Si halali. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Lipa kodi ya zamani kwa njia inayoacha risiti.

Nauza rolex (chapati ya mayai) kando ya lango watakaloziba. Nitafidiwa?

Sitaki kukudanganya, dada: ukiwa kwenye hifadhi ya barabara, una nafasi ndogo. Lakini wanaofanya tathmini wakija kuhesabu walioathirika, hakikisha jina lako na kibanda chako vinaandikwa, na leseni yako ya biashara iwe mkononi siku hiyo.