Simu "yako"? Tuanzie hapo kwanza

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Simu yako mpya imekurahisishia maisha au imekuongezea mzigo?" Nilisoma swali nikiwa nimekalia belo langu la mitumba hapa Busia, upande wa Uganda, nasubiri mvua ipungue, na sikufika mbali. Nilikwama kwenye "yako". Simu niliyoishika leo ni siku ya 298 tangu niichukue, na bado si yangu. Itakuwa yangu nikifikisha siku 365, Mungu akipenda.

Msiseme nimetoka nje ya swali. Wanawake wengi ninaouza nao mitumba wana simu za namna hii. Unapeleka kitambulisho cha taifa, unapigwa picha, unaweka malipo ya kwanza, unapewa simu na boksi lake na chaja, halafu kila siku unalipa kidogo kidogo. Usipolipa inajifunga. Haizimiki, inajifunga. Kioo kinawaka vizuri kabisa, kinakuonyesha unadaiwa ngapi na namba ya kulipia, na kingine chochote hukifungui. Ukimpelekea fundi aisafishe, kufuli linarudi lenyewe mara tu simu ikipata mtandao. Kijana mmoja wa mtaa wa hapa, Sofia, alijaribu, akamlipa fundi shilingi 20,000 za Uganda, simu ikaamka na deni lake vile vile.

Hesabu yangu ni hii. Malipo ya kwanza 150,000. Kila siku 2,600. Mwaka ukiisha nitakuwa nimetoa 1,099,000, na simu hiyo hiyo dukani kwa pesa taslimu niliikuta 650,000. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku, ya 2018, ukitaka kuingia WhatsApp au Facebook, mnaikumbuka? Tulipiga kelele nchi nzima. Mpaka mama wauza dagaa walijifunza kutumia VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, wasiilipe. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja hii ya asilimia 12 kwenye bando ambayo haionekani kwa macho, basi tukanyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema 200 ni wizi wa mchana. Sasa natoa mara kumi na tatu ya hiyo 200, kila siku ya Mungu, na sahihi niliweka mwenyewe huku nikicheka na yule kijana wa fomu.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa "mzigo", tena nilitaka kuliandika kwa herufi kubwa. Sababu yenyewe ni jambo lililotokea kwenye matanga ya baba yetu mdogo, na naomba mnivumilie nilieleze lote.

Kwetu ni kijijini, ukipita Lumino unashuka kuelekea Majanji, kando ya Ziwa Victoria. Baba mdogo alifariki Jumatano. Ukoo ulikaa ukanichagua niwe mweka hazina wa mchango, kwa sababu mbili: nafanya biashara, na nina simu nzuri. Hiyo ya pili walisema waziwazi. Wakafungua grupu la WhatsApp, namba yangu ikawekwa juu, pesa zikaanza kuingia: elfu kumi kutoka Jinja, elfu hamsini kutoka kwa binamu aliyeko Dubai, elfu mbili mbili za majirani. Kufikia Ijumaa jioni laini ilikuwa na 780,000. Nilikuwa naandika majina kwenye grupu kila aliyetuma, watu wanapiga makofi ya vile vikaragosi. Nilijiona mtu.

Nilichosahau ni deni langu mwenyewe. Mimi hulipa Jumatatu kwa siku nyingi mara moja, na wiki ile hata Jumatatu sikukumbuka, maana mgonjwa alikuwa ameshazidiwa. Ijumaa saa sita usiku, tukiwa tumezunguka moto, simu ikajifunga.

Sikushtuka sana. Nilisema asubuhi nitamwomba mtu alipe. Asubuhi ndiyo hiyo pikapu ya jeneza ikaingia uani saa kumi na mbili na robo. Jeneza lilikuwa la 450,000, tulishatoa 200,000. Seremala akashuka, akatoa pole vizuri kama mtu aliyelelewa, kisha akaegemea mlango wa pikapu akasema hashushi mpaka apate 250,000 zilizobaki. Nisimlaumu. Watu wakishazika hulipa kwa majonzi, yeye analijua hilo kuliko sisi.

Ndugu yangu akalipa lile deni kwa simu yake. Meseji ikaja kwake kwamba malipo yamepokelewa. Kwangu kimya, kufuli liko pale pale. Kumbe ili ifunguke lazima simu ipate intaneti ili ipokee habari kwamba nimelipa, na bando langu lilikuwa limeisha usiku. Nani ataninunulia? Mpwa wangu akanitumia bando kutoka laini yake. Bado kimya. Nikatazama juu ya kioo, pale kwenye alama za mtandao, nikaona jina la mtandao wa Kenya.

Watu wa Majanji na Lumino mnanielewa. Ziwa ni tambarare, mnara wa ng'ambo unafika kwetu wenye nguvu kuliko wa kwetu. Simu ilikuwa imevuka mpaka bila kuniaga, na bando la Uganda ng'ambo halisomi. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ukachagua mtandao wako kwa mkono. Na mipangilio imefungwa! Nikazima simu nikawasha, ikarudi Kenya. Nikapanda kichuguu cha nyuma ya choo, na kitenge changu cha msiba, mkono umeinuliwa kama naapishwa. Kenya. Shemeji akasema tupande bodaboda turudi Lumino ambako mtandao ni wetu. Bodaboda ya pekee pale ilikuwa imeenda kusaga mahindi ya waombolezaji.

Seremala akatazama saa.

Sasa aje senge. Senge ni shangazi yetu mkubwa, dada wa marehemu, ana katochi, simu ndogo ya vibonye yenye tochi, ya miaka mingi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa amekaa mkekani na wamama wengine, ananitazama nikishuka kichuguuni. Akaniuliza, "Hiyo simu inasema nini?" Nikamsomea kioo. Mimi simu yangu niliiweka Kiswahili, basi maneno yalikuwa ya adabu, tafadhali lipa ili uendelee kutumia kifaa chako. Senge ni wa enzi za Amin, Kiswahili alichokisikia ujanani ni cha wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani. Akasema, "Kumbe Kiswahili bado ni cha kuamrisha watu." Wamama wakacheka, kwenye matanga, na jeneza liko kwenye gari. Halafu akasema: "Pesa ziko kwenye simu au kwenye laini?"

Kwenye laini, jamani. Mobile money inafuata laini, si simu! Mtu mzima mimi, mfanyabiashara, mweka hazina, nilikuwa napigana na kioo saa nzima, na njia ya kuzifikia pesa ilikuwa kile kikadi kilicho pembeni. Sindano ya kutolea laini niliiacha nyumbani. Nikavua herini, nikatumbukiza ncha kwenye kitundu, kisanduku kikatoka.

Tatizo jingine. Nilipochukua simu hii yule kijana aliikata laini yangu kwa kimashine kama cha kutobolea karatasi, ikabaki kipande kidogo cha chuma tu. Katochi inataka laini kubwa ya zamani. Ukiweka kile kidogo kinacheza ndani, hakigusi, na kinaweza kuzama kisitoke tena, na 780,000 za ukoo nisizifikie siku hiyo. Mjukuu wa senge, mtoto wa darasa la sita, akaingia ndani akatoka na kadi ya mwaliko wa harusi, ya karatasi nzito yenye maua ya dhahabu, harusi ya mwezi uliopita. Akaweka laini ya senge juu yake akachora, akakata kwa wembe, akatoboa katikati tundu la kutosha laini yangu. Mara ya kwanza lilikuwa kubwa mno. Mara ya pili karatasi ilipasuka. Mara ya tatu ikaingia, betri ikarudishwa, mpira wa baiskeli ukafungwa, na sote tukakitazama kile kioo cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti mpaka kikaandika jina la mtandao. Kule ilikataa Kenya au iliikosa, sijui, ila ilishika Uganda. Nikabonyeza *165#, ya kutumia mobile money, namba moja moja, vidole vinatetemeka, tochi yake ikiwaka mchana kweupe kwa sababu haizimiki. Seremala akasikia mlio kwenye mfuko wake, akasoma meseji mara mbili, akaita vijana wamsaidie kushusha.

Baba mdogo alizikwa saa nane kama ilivyotangazwa. Mtandao wangu wa Uganda ulirudi jioni, simu ikafunguka, na meseji za grupu zikamiminika mia na kitu, nyingi zinauliza mweka hazina yuko wapi, na mbili zinauliza kwa namna ambayo sitaisahau.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia: msichukue simu za kulipa kila siku, ni kamba ya mbuzi, urefu wake anaupanga mwenye kigingi. Lakini nimeacha kuandika nikamhudumia mteja, na niliporudi sikuipenda tena sentensi hiyo, kwa sababu mteja mwenyewe amekuja kwa ajili ya simu.

Kila asubuhi nikifungua belo napiga picha nguo kumi, kumi na tano, naziweka WhatsApp kabla jua halijawa kali, maana jua la saa sita linapausha rangi. Saa tatu tayari wateja wa ng'ambo wameshachagua, wanatuma pesa kwenye laini yangu ya Kenya, nguo zinavuka na mwenye baiskeli. Facebook nayo, ambayo Uganda imefungwa tangu Januari 2021, kwenye laini ya Kenya inafunguka yenyewe bila VPN, sisi wa mpakani hatujaisahau kamwe. Zamani hizo nguo za kwanza, zile nzuri, zilikuwa zinachukuliwa na yule aliyewahi kuamka. Siku hizi nazipangia bei mwenyewe.

Na ile 650,000 ya pesa taslimu? Tuseme ukweli. Mimi sijawahi kuwa na 650,000 zilizokaa tu. Zikifika 200,000 kuna ada ya shule, kuna paa, kuna mtu amelazwa. Hizi 2,600 za kila siku zimetoka, sijui zimetokaje, lakini zimetoka siku 298. Kwa hiyo sijui kama nimeibiwa 449,000 au nimelipa 449,000 ili mtu anilazimishe kuweka akiba. Siku nyingine naamini la kwanza, hasa usiku.

Jibu langu basi, mkilitaka: imerahisisha, kwa masharti. Katochi usiitupe, tena laini ya pesa iache humo, isikatwe. Pesa za watu usiziweke kabisa kwenye simu inayoweza kufungwa na mtu mwingine. Mgonjwa akizidiwa nyumbani, lipa wiki mbili mbele kabla hujapanda gari. Na kama unakaa karibu na ziwa, jifunze kuchagua mtandao kwa mkono mapema, sio siku ya msiba.

Kuna jambo jingine nilikuwa sitaki kuliandika, ila mtaniona mnafiki mkilisikia kwingine. Mwezi jana senge alikuja Busia kwa miguu yake, anataka simu "ya kufunga". Mjukuu wake wa kike yuko Saudia anafanya kazi za ndani, alijifungua kabla hajaenda, mtoto yuko kwetu anakua, na mama anataka kumwona akitembea. Katochi haina macho, alisema senge. Nikampeleka kwa wale wale. Dole gumba lake likakataa kusomeka kwenye mashine, la kulia na la kushoto, limelainishwa na jembe miaka sitini. Wakajaribu kwa mafuta, wakajaribu kwa kitambaa chenye maji. Haikusoma. Basi nikatoa kitambulisho changu, na simu ikaandikwa kwa jina langu, ya pili.

Sasa nalipa 2,600 mara mbili. Picha ya kwanza senge aliyonitumia ni giza lenye wekundu pembeni. Niliiangalia muda mrefu kabla sijaelewa kwamba ni lile dole gumba lake, limeziba kamera.

Muuza mitumba,
Busia, Uganda