Maswali ya wasomaji: Cream ya 2005 ninunue au niachane nayo?

Swali: Mambo vipi mhariri, mimi Cream, ile bendi ya rock ya Uingereza ya watu watatu, nimeisikiliza toka nikiwa mdogo, santuri za baba, ile miaka ya 66 hadi 68 naijua kichwani. Sasa nataka kununua DVD ya ile shoo yao ya 2005 pale Royal Albert Hall ila rafiki yangu ananikatisha tamaa, anasema wazee wamechoka, wanapiga taratibu na gitaa halina moto. Ni kweli au ananizingua tu?

Jibu: Anakuzingua nusu. Kwamba wanapiga taratibu hilo halina ubishi, chukua ule wimbo wao Crossroads uliorekodiwa ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968, alafu weka hii ya London, utaona mwendo umeshushwa kabisa. Na soundi ya gitaa nayo sio ileile, enzi zile mpiga gitaa wao Eric Clapton alikuwa anashika gitaa la Gibson na nyuma yake kuna mnara wa ampu za Marshall, 2005 kaja na gitaa la Fender Stratocaster na ampu ndogo tu, kwa hiyo ule mlio mzito wenye kukwaruza usiutafute humu, hautaupata. Kama unanunua kwa ajili ya huo mlio basi msikilize rafiki yako, tunza hela yako.

Ila mimi nakwambia nunua, na sababu yangu ni moja. Jamaa hawa mwaka 1968 walikuwa hawasikilizani. Sio kwamba natunga, Clapton mwenyewe alishasimulia kwamba kuna shoo aliacha kupiga katikati ya wimbo na wenzake wawili wakaendelea zao bila hata kugundua, yani voliyumu ilikuwa kubwa kiasi hicho na kila mtu yuko na safari yake. Hii ya 2005 ndo mara ya kwanza unawasikia wote watatu kwa pamoja, kila noti ya besi inasikika, na ukumbuke hii bendi haina kinanda wala gitaa la pili, Clapton akiingia kwenye solo anayebaki kuziba pengo ni Jack Bruce peke yake na besi yake, sasa tazama vidole vyake pale Clapton anapopanda juu, hapigi mstari mmoja wa kurudiarudia kama wapiga besi wengi, anajibu kile anachosikia.

Kama unataka wimbo mmoja wa kujaribia kabla hujatoa hela nenda We're Going Wrong. Mpiga dramu Ginger Baker anaachana na fimbo za kawaida anachukua zile zenye vichwa laini, anazungusha mikono kwenye ngoma bila kusimama, na Bruce anaimba juu kabisa, ile sauti nyembamba ambayo unahisi itakatika na haikatiki. Huyu ni mtu aliyepandikizwa ini 2003 baada ya kupata kansa, miaka miwili tu kabla ya shoo. Rafiki yako anaita hiyo kuchoka, sawa.

Swali: Nilisoma kwamba Baker na Bruce walikuwa hawaivi chungu kimoja. Sasa walikubalije kusimama steji moja tena baada ya miaka yote hiyo?

Jibu: Hawakuiva toka kabla ya Cream, walikuwa wote kwenye bendi ya Graham Bond na Baker ndo alimfukuza Bruce. Alafu 1966 Baker anamfuata Clapton waanzishe bendi, Clapton anasema sawa ila Bruce awepo, na Baker ikabidi ameze. Kwa hiyo toka siku ya kwanza Clapton alikuwa katikati, na hata 2005 wazo la kurudi lilitoka kwake. Katikati hapo walishapiga pamoja mara moja tu ya maana, nyimbo tatu, 1993 walipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ile taasisi ya Marekani ya kuwaenzi wanamuziki wakubwa wa rock.

London walipiga siku nne, tarehe 2, 3, 5 na 6 Mei, ukumbi uleule waliofanyia shoo ya kuagana bendi ilipovunjika, 26 Novemba 1968. Oktoba wakaenda New York, Madison Square Garden, siku tatu, na hapo ndo ikaisha moja kwa moja. Bruce akafariki 2014, Baker 2019. Kwa hiyo anayesubiri nyingine asisubiri.

Swali: Nianze na filamu ya kuagana ya 1968 au hii mpya?

Jibu: Anza na hii mpya. Ile ya 1968 iliyoongozwa na Tony Palmer ina thamani ya kihistoria, sikatai, ila kuitazama ni kazi: kamera inavamia sura za watu na kurudi nyuma kila sekunde, mtangazaji anaongea pale ambapo wewe unataka kusikia gitaa, alafu sauti yenyewe imefifia. Unamaliza hujui hata vidole vya Clapton vilikuwa wapi. Hii ya 2005 kamera inatulia juu ya mikono, ndo kitu ambacho mtu anayejifunza ala anakitaka. Tena kuna Badge, wimbo ambao ulitoka 1969 bendi ikiwa imeshavunjika, huwezi kuusikia kwenye shoo ya kuagana hata ukitafuta na tochi.

Swali: Kuna DVD, CD na Blu-ray, zote za nini? Na mbona nasikia sio usiku mmoja?

Jibu: Sio usiku mmoja, hata jina lake limeandikwa tarehe zote nne, wamechagua nyimbo kutoka siku tofauti wakaziunga. Mimi hainisumbui. CD chukua kama utasikiliza garini, ila kuna vitu vinapotea bila picha, mfano Rollin' and Tumblin' Bruce anaweka besi pembeni anapiga harmonika, wimbo mzima hauna besi kabisa na kwenye CD mtu anaweza kudhani spika yake imekufa. Blu-ray picha ni safi zaidi. Ukichukua DVD ya mitumba angalia kwanza namba ya rijeni nyuma ya kasha, yani eneo la dunia ambalo DVD imetengenezewa, na mfumo wa picha kama ni PAL au NTSC, usije ukafika nyumbani mashine ikaigomea.

Swali: Samahani kwa swali la aibu, ile solo ya dramu ya dakika kumi naruhusiwa kuruka?

Jibu: Hahaha, ruksa, hata kwenye kumbi watu walikuwa wanainuka kwenda chooni. Ila mara moja tu itazame, na macho usiweke kwenye mikono, weka miguuni. Baker anatumia ngoma mbili za kukanyaga na ana miaka 65 hapo na viungo vinamuuma, lakini miguu inaenda na mpigo wake na mikono inaenda na mwingine, hiyo kitu aliipenda toka zamani, ndo maana miaka ya 70 mwanzoni alihamia Lagos akawa anapiga na Fela Kuti, yule nguli wa muziki wa Nigeria. Usipoielewa ruka kwa amani, ila bonyeza mara moja tu maana inayofuata ni Sunshine of Your Love.